Umewakimbia wauza viungo, sasa mkinge mwanao na jua

Huenda ukurasa huu umekufikia ukiwa umefungia robo kilo ya sukari au omena ulizonunua sokoni Migori. Huenda unausoma ndani ya chumba cha kupanga huko Isebania, Rongo au Mbita, mlango umetiwa komeo ingawa ni saa nane mchana. Mtoto wako amelala pembeni kwa sababu hujamruhusu kutoka tangu asubuhi. Ulitoka Geita, Shinyanga, Mwanza au Mara. Ulivuka mpaka wa Sirari ukiwa umemfunika kwa khanga kana kwamba ni mgonjwa. Majirani wamekuuliza unatoka wapi, nawe ukawaambia jambo lisilo la kweli.

Ikiwa hiyo ndiyo hali yako, makala ya leo ni yako. Na ikiwa siyo hali yako, soma vilevile, maana mama wa namna hiyo anaweza kuwa mpangaji wa chumba cha tatu kutoka kwako.

Tunazungumza juu ya familia yenye mtoto mwenye ualbino, iliyoyakimbia magenge yanayouza viungo vya binadamu na inayojaribu kuanza maisha upya katika nchi nyingine bila kujulikana. Magazeti yameandika mengi juu ya mauaji hayo. Machache yameandikwa juu ya yale yanayofuata mtoto akishaokoka. Ukweli ni kwamba mtoto anaweza kuepuka panga akiwa na miaka sita, kisha akauawa na kidonda cha shingoni akiwa na miaka ishirini na mitano, kwa sababu mamaye aliogopa kumpeleka zahanati. Kujificha kunaokoa maisha. Lakini kujificha kwa watu wote, pamoja na muuguzi na mwalimu, kunayapunguza maisha hayo hayo.

BIASHARA YENYE MNYORORO

Kwanza tuseme wazi kwamba hofu yako ina sababu. Wapo watakaokuambia kwamba unajitisha bure. Hawajui.

Mauaji ya watu wenye ualbino yalianza kujulikana sana katika mikoa ya Tanzania iliyo karibu na Ziwa Victoria tangu mwaka 2006 na 2007, yakaenea hadi Burundi. Watafiti akina Deborah Fahy Bryceson, katika utafiti wao uliotolewa mwaka 2010, walionyesha jinsi biashara hii ilivyofungamana na machimbo ya dhahabu. Mchimbaji anayetaka bahati huenda kwa mganga. Mganga humwambia kiungo fulani kitavuta dhahabu. Wavuvi nao waliambiwa kwamba nywele zikisukwa katika nyavu, samaki watajaa. Katikati ya mganga na mteja wapo madalali, na chini ya madalali wapo wenye mapanga. Taarifa ya Shirikisho la Kimataifa la Msalaba Mwekundu ya mwaka 2009 ilitaja bei ya hadi dola 75,000 za Marekani kwa viungo vya mtu mmoja. Taarifa hiyo hiyo ilikadiria kwamba watu wapatao 10,000 wenye ualbino walikuwa wamehama makwao au wamejificha katika Tanzania na Burundi.

Mnyororo kama huo aghalabu huanzia nyumbani. Mara kadhaa imedhihirika kwamba aliyewaonyesha wauaji mlango alikuwa mjomba, baba wa kambo, au hata baba mzazi. Ndiyo maana mama anayekimbia hawezi kwenda kwa wifi wala kwa shangazi. Anakwenda asikojulikana.

Serikali ya Tanzania ilichukua hatua. Mwaka 2008 Rais Jakaya Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, kuwa mbunge. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta leseni za waganga wa jadi. Watoto wengi walikusanywa katika shule zenye ulinzi, kama Buhangija kule Shinyanga, Mitindo kule Misungwi na Kabanga kule Kasulu. Wauaji kadhaa walihukumiwa. Hata hivyo, mwishoni mwa 2014 na mwanzoni mwa 2015 watoto wadogo walinyakuliwa tena huko Mwanza na Geita.

Mpaka nao si ukuta. Agosti 2010 Mkenya mmoja alikamatwa Mwanza akijaribu kumuuza kijana mwenzake mwenye ualbino, ambaye alimhadaa kutoka Kenya kwa ahadi ya kazi. Mahakama ilimpa kifungo cha miaka 17. Mwaka 2015 mtu mwenye ualbino alishambuliwa kwa mapanga katika kaunti ya Vihiga, akafariki baadaye. Kwa hiyo, mama, kuvuka Sirari kumekupunguzia hatari, hakukuiondoa. Na usisahau kwamba Migori ina machimbo ya dhahabu kule Macalder, na ufuo wote kutoka Muhuru Bay hadi Kendu Bay ni wa wavuvi. Dhahabu na samaki vipo huku pia, na uvumi husafiri pamoja na watu.

JUA LISILOSAMEHE

Sasa tumtazame mtoto mwenyewe. Ngozi, nywele na macho ya binadamu hupata rangi kutokana na kitu kinachoitwa melanini. Kazi ya melanini si urembo tu. Ndiyo mwavuli wa ngozi dhidi ya miale mikali ya jua. Mtoto mwenye ualbino alizaliwa bila mwavuli huo, au akiwa na mwavuli mwembamba mno.

Huu si ugonjwa wa kuambukiza, wala si laana, wala si ushahidi kwamba mama alitembea nje ya ndoa. Chembe ya urithi inayoleta ualbino hutoka kwa baba na kwa mama, wote wawili, ingawa wao wenyewe ni weusi kama mkaa. Wazazi wote wawili wakiwa na chembe hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mwenye ualbino. Ukiachwa na mume kwa sababu ya mtoto huyo, ujue kwamba amekimbia damu yake mwenyewe.

Migori na Homa Bay ziko karibu kabisa na ikweta. Jua hupiga utosini mwaka mzima. Kando ya ziwa mambo ni mabaya zaidi, kwa kuwa maji na mchanga hurudisha miale juu, ikampata mtoto chini ya kofia. Mawingu nayo hayazuii miale hiyo ipasavyo. Mtoto anaweza kuungua siku isiyo na joto lolote.

Mwaka 1985 madaktari waliochapisha uchunguzi wao juu ya watu 350 wenye ualbino mjini Dar es Salaam walieleza kwamba ngozi huanza kuharibika tangu mwaka wa kwanza wa maisha. Madhara hayo hujilimbikiza kama deni. Kila siku ya jua huandikwa, na malipo huja ujanani: saratani ya ngozi, aghalabu usoni, masikioni, shingoni na mikononi, katika umri ambao wenzake ndio kwanza wanaanza familia.

Habari njema ni kwamba deni hili linaweza kuzuiwa. Fuata haya:

Kwanza, saa. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri mtoto akae kivulini kadiri iwezekanavyo. Kazi za nje, kama kuchota maji au kuanika omena, azifanye mapema asubuhi au jioni.

Pili, nguo. Mikono mirefu, suruali au sketi ndefu, na kitambaa kilichofumwa vizuri. Jaribu hivi: inua nguo mbele ya taa. Ukiona mwanga unapenya kama kwenye chandarua, jua nalo litapenya.

Tatu, kofia. Kofia ya mpira wa miguu yenye mdomo wa mbele tu haitoshi, kwa sababu masikio na kisogo hubaki wazi. Tafuta yenye ukingo mpana pande zote. Hapa nawe una bahati, kwa maana nguo ndefu na kofia pana vinavyomkinga na jua ndivyo pia vinavyomficha na macho ya watu. Dawa na maficho vimekuwa kitu kimoja.

Nne, mafuta ya kukinga jua. Tafuta yenye nambari 30 au zaidi kwenye chupa. Mpake nusu saa kabla ya kutoka, umpake tena kila baada ya saa mbili. Usisahau masikio, kisogo, midomo na juu ya nyayo. Mafuta ya kawaida ya kujipaka, hata yawe ya bei kubwa, hayakingi jua. Mtoto wa chini ya miezi sita asipakwe. Yeye awekwe kivulini na kufunikwa.

Huenda ulipokuwa Tanzania ulipata mafuta ya Kilisun, yanayotengenezwa katika hospitali ya KCMC mjini Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Nchini Kenya, serikali ilianza kutenga fedha za mafuta hayo katika mwaka wa fedha wa 2010/2011 kupitia Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, nayo hutolewa bure kupitia hospitali. Mpango huo uliwekewa Wakenya waliosajiliwa. Lakini usijifungie nje kabla ya kubisha hodi. Nenda hospitali ya rufaa ya kaunti, Migori au Homa Bay, uombe kumwona mhudumu wa ngozi. Muulize pia ni nani katika kaunti anayeongoza chama cha watu wenye ualbino. Watu hao wanajuana, na hawahitaji kuelezwa kwa nini unaogopa.

MAFICHO YANAYODHURU

Mama anayeogopa hubuni njia nyingi. Baadhi ya njia hizo zinaumiza kuliko zinavyoficha.

Kuna wanaopaka nywele za mtoto rangi nyeusi. Rangi nyingi za nywele, hasa zile za unga wa bei nafuu, zina kemikali inayoweza kuunguza kichwa, kuvimbisha uso na hata kuziba njia ya pumzi. Tena mtoto asipovaa kofia kwa sababu nywele zimekuwa nyeusi, jua linampata. Kitambaa au kofia hufanya kazi hiyo hiyo bila sumu.

Kuna wanaompaka mtoto masizi au oili chafu ya gari. Oili ni sumu, na masizi hayazuii miale kama inavyodhaniwa. Na kuna wanaomwacha mtoto juani makusudi wakidhani atakuwa mweusi. Hatakuwa. Ataungua, atababuka, kisha ataungua tena juu ya jeraha.

Kuna wanaomfungia mtoto ndani mchana kutwa, wakimtoa usiku tu kama popo. Mtoto huyu hanyooshi viungo, hachezi, wala hazungumzi na mtu ila mamaye. Chumba cha mabati kisicho na dirisha ni tanuri mchana, na hewa nzito inayovutwa na watu wengi ndiyo njia ya kifua kikuu. Mpe mtoto nafasi ya kucheza nje kuanzia alfajiri hadi saa mbili asubuhi, na tena baada ya saa kumi na moja jioni. Jua la saa hizo ni pole.

Lakini dhara kubwa kuliko yote ni kukosa kliniki. Mama huogopa kitabu cha kliniki kwa sababu kina jina, kijiji na tarehe. Matokeo yake mtoto hukosa chanjo ya surua ya miezi tisa na ile ya miezi kumi na minane. Tena umehamia eneo la malaria nzito. Kaunti za kando ya ziwa, zikiwemo Homa Bay na Migori, ndizo zilizochaguliwa kwa chanjo ya malaria ilipoanza nchini Kenya Septemba 2019, na uzinduzi wenyewe ulifanyika Homa Bay. Dozi ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na miezi sita. Ukijificha na muuguzi, mtoto wako ataikosa. Mbu hawajui mpaka wala hawajui siri.

KIDONDA KISICHOPONA

Mkague mwanao kila Jumapili asubuhi penye mwanga, mwili mzima, kama unavyomkagua kuku kabla ya kumnunua. Tazama nyuma ya masikio, kwenye midomo, shingoni, mabegani na mgongo wa viganja. Nawe mtu mzima mwenye ualbino, mwombe mtu unayemwamini akukague kisogo na mgongo.

Mpeleke hospitali bila kungoja ukiona mojawapo ya haya: kidonda ambacho hakijapona baada ya wiki nne, gamba gumu linalorudi kila likibanduka, uvimbe unaokua haraka, mahali panapotoa damu kwa kuguswa tu, au mdomo wa chini unaochanika mahali pale pale kila mara.

Magamba ya mwanzo huweza kuondolewa kwa kugandishwa kwa baridi kali au kwa dawa ya kupaka. Uvimbe mdogo hukatwa kwa upasuaji mfupi, mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ukingoja hadi kidonda kiwe na ukubwa wa kiganja, utahitaji upasuaji mkubwa na miale ya tiba, na huenda hata hivyo usipone. Usikubali majani ya kubandika wala maji ya betri. Na usikubali kabisa kumpeleka mtoto huyu kwa mganga usiyemfahamu. Wewe unajua kwa nini.

Ukiogopa kwamba utafukuzwa kwa kuwa wewe ni mgeni, kumbuka kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya elimu, chakula, makao na huduma za afya. Kimesema kila mtoto. Hakikusema kila mtoto Mkenya.

MACHO NA DAWATI LA MBELE

Utakuwa umeona kwamba macho ya mtoto huchezacheza, kwamba hukodoa akiwa juani, na kwamba hushika kitu karibu na pua ndipo akione. Uoni hafifu ni sehemu ya ualbino. Hauwi upofu kadiri miaka inavyopita, wala hausababishwi na kusoma sana. Miwani humsaidia mwenye hitilafu ya kuona mbali au karibu, ingawa haimalizi tatizo lote. Miwani nyeusi na kofia humpunguzia maumivu ya mwanga.

Jambo hili linahusu usalama wake pia. Mtoto huyu hawezi kutambua uso wa mtu aliye hatua ishirini mbele. Hatajua kama anayemwita ni mwalimu au ni mtu mwingine. Kwa hiyo mfunze kutambua sauti. Mfunze asimkaribie mtu yeyote kabla hajaisikia sauti anayoijua.

Shuleni akae dawati la mbele, mbali na dirisha lenye mwanga mkali, na aruhusiwe kwenda hadi ubaoni kusoma. Mwalimu aandike kwa herufi kubwa na asome kwa sauti anachoandika. Mengi ya hayo hayagharimu hata senti. Uoni wake ukiwa hafifu mno, zipo shule zenye ujuzi huo katika eneo hili la ziwa, kama vile Kibos mjini Kisumu na St Oda huko Aluor, kaunti ya Siaya, ambako watoto hulala bweni. Usidhani mtoto huyu hana mbele. Mumbi Ngugi, aliyezaliwa na ualbino, aliapishwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Kenya mwaka 2011, kisha akapanda hadi Mahakama ya Rufani. Isaac Mwaura aliingia Bungeni mwaka 2013.

HOFU INAYOLALA NA FAMILIA

Mwili wa mtu aliyewahi kukimbia usiku huwa na kengele isiyozimika. Mbwa akibweka, moyo unadunda. Bodaboda ikisimama nje, unazima taa. Unakagua komeo mara tano kabla ya kulala, kisha hulali. Unamfokea mtoto kwa jambo dogo, halafu unalia. Huna wazimu, mama. Hiyo ni kazi ya mwili uliojifunza hatari na ambao haujajua kwamba hatari imepungua.

Mtoto naye huonyesha hofu yake kwa njia zake. Anaanza tena kukojoa kitandani. Anagutuka usingizini. Anacheza mchezo ule ule wa kukimbia na kujificha kila siku. Ananyamaza wiki nzima. Usimchape. Kumchapa mtoto anayekojoa kwa hofu ni kumwongezea sababu ya kukojoa.

Ale, aoge na alale saa zile zile kila siku, maana mazoea humwambia mtoto kwamba dunia haijapinduka leo. Mwache tochi karibu. Mwambie ukweli kwa kipimo cha umri wake: kwamba wapo watu wabaya wanaodanganywa kuhusu ngozi yake, kwamba yeye hana kosa, na kwamba wewe una mpango. Mtoto asiyeambiwa neno hujitungia hadithi mbaya kuliko ukweli, na mara nyingi ndani ya hadithi hiyo yeye ndiye mkosaji. Kubalianeni neno la siri. Yeyote atakayekuja kumchukua shuleni akidai ametumwa nawe, asipolijua neno hilo, mtoto asitoke.

Hali hii ikizidi mwezi mmoja bila kupungua, au ukiona heri kufa kuliko kuishi, nenda hospitali ya kaunti umwone mhudumu wa afya ya akili. Si lazima umweleze jina la kijiji chako. Mwambie tu, "Silali, naogopa, na mtoto wangu pia." Hayo yanatosha kuanza nayo.

Na kwa msichana aliyevunja ungo kuna tahadhari moja zaidi. Upo uongo wa zamani kwamba mwenye UKIMWI akilala na mwanamke mwenye ualbino atapona. Homa Bay na Migori zimekuwa miongoni mwa kaunti zenye maambukizi mengi zaidi nchini. Mweleze binti yako uongo huo kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Akishambuliwa, afikishwe hospitali haraka, kabla ya saa 72 kwisha, ili apate dawa za kuzuia maambukizi.

WATU WANNE

Sasa tunafika kwenye swali gumu. Ukimwambia kila mtu, umekwisha. Kiswahili chako chenyewe kinakutangaza: ukisema "shikamoo" na "naomba" sokoni Migori, wauzaji wanacheka na kukuuliza ulivuka lini. Ukikaa kimya kwa wote, mtoto hana chanjo, hana mafuta, hana shule, na usiku ukipiga yowe hakuna atakayejua ni kwa nini.

Ushauri wetu ni watu wanne. Wa kwanza ni muuguzi mmoja wa zahanati au hospitali, ambaye kazi yake inamfunga kutunza siri ya mgonjwa. Mwambie mlangoni kwamba ungependa kuzungumza faragha. Wa pili ni mwalimu mkuu, ili ajue ni nani anayeruhusiwa kumchukua mtoto na ni nani asiyeruhusiwa. Wa tatu ni jirani mmoja, ikiwezekana mama mtu mzima anayeshinda nyumbani, atakayesikia mlango ukivunjwa. Wa nne ni mtu wa serikali: chifu, au afisa wa polisi katika dawati la jinsia na watoto. Wachague taratibu, mmoja baada ya mwingine. Aliyepewa siri ndogo akaitunza ndiye apewe kubwa.

Picha ya mtoto usiitume kwa simu wala usiiweke mtandaoni, hata kwa ndugu aliyekusihi kwa machozi. Akitaka kujua kama yu hai, asikie sauti yake.

Ikiwa huwezi kurudi kwenu, sheria ya wakimbizi ya Kenya ya mwaka 2021 inakuruhusu kuomba hifadhi kupitia Idara ya Huduma kwa Wakimbizi. Nenda mapema, usikae miaka. Mwombaji harudishwi mahali ambapo maisha yake yako hatarini. Shirika la Under the Same Sun, lililoanzishwa na Peter Ash wa Kanada mwaka 2008, limekuwa likiweka kumbukumbu za mashambulizi na za watu wenye ualbino waliokimbilia nchi nyingine, kwa hiyo hutakuwa wa kwanza kueleza kisa cha namna hii. Na simu ya watoto, nambari 116, hupigwa bila malipo, Kenya na Tanzania.

NAWE JIRANI

Wewe uliyeisoma makala hii ukiwa mzaliwa wa Migori au Homa Bay, una sehemu yako. Katika sensa ya mwaka 2019, Kenya iliwahesabu watu wenye ualbino kwa mara ya kwanza, ikawapata 9,729. Ni wachache. Akiwemo mmoja katika kijiji chenu, anaonekana na kila mtu, na kwa hiyo anaweza kulindwa na kila mtu.

Usimwite "zeruzeru". Usimwite "dili", neno ambalo kule ng'ambo ya mpaka lilimaanisha kwamba mtoto ni mali ya kuuzwa. Ukisikia mzaha wa namna hiyo penye pombe au ufuoni, usicheke. Ukiona mgeni anauliza-uliza ni wapi anaishi mtoto mweupe, mfikishie chifu habari siku hiyo hiyo. Mama mgeni akikwambia anatoka mahali, nawe ukahisi si kweli, usimbane. Mpelekee ugali, umwambie mlango wako ni upi.

Nawe mama uliye nyuma ya komeo, kesho asubuhi, kabla jua halijapanda, mvike mwanao kofia na nguo ya mikono mirefu, umpeleke zahanati. Anza na muuguzi. Watatu waliobaki watafuata.